Lugha ya kazi ingaliokoa mguu wa kijana

Kila ninapoalikwa kuzungumza na walimu wa shule za upili katika kaunti za Meru na Embu, kuna swali moja ambalo halikosi kuulizwa. Mwalimu mmoja, aghalabu wa hisabati au fizikia, husimama nyuma ya ukumbi, akajikohoza kidogo, kisha akasema: "Daktari, hebu tuambie ukweli. Hicho Kiswahili chenu kinaweza kueleza jambo lolote la maana nje ya mashairi na methali?" Ukumbi huangua kicheko. Mimi nami hucheka, maana swali lenyewe huulizwa kwa Kiswahili safi.

Zamani nilikuwa nikilijibu swali hilo kwa kutaja vitabu. Ningesema kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, na kwamba anayedai lugha haina msamiati hajafungua kamusi. Jibu hilo ni la kweli, lakini sijapata kuona hata mwalimu mmoja aliyeshawishika nalo. Siku hizi nina jibu jingine. Nawasimulia habari za shimo.

Shimo lenyewe lilikuwa katika sehemu za chini za Embu, upande wa Mbeere, ambako nchi huteremka kuelekea Mto Tana, na udongo mwekundu wa mlimani hupotea, mahali pake pakawa na mchanga na changarawe. Palikuwa na shule ya msingi ng'ambo moja ya mto mdogo, na kijiji ng'ambo ya pili. Mvua iliponyesha huko juu mlimani, mto ulifurika bila kubisha hodi, na watoto wakakaa nyumbani hata juma zima. Jamaa moja ilikwisha kumzika mtoto kwa sababu ya mto huo. Mwanzoni mwa mwaka 2018, wazazi pamoja na wafadhili walichanga fedha, na daraja la miguu likaanza kujengwa.

Kwa kuwa kingo za mto zilikuwa za mchanga mtupu, ilibidi misingi ishuke kiasi cha mita 9 hadi ikanyage mwamba. Mtambo wa kuchimba ukaletwa. Bomba pana la chuma likakitwa ardhini, kipande chake cha juu kikiwa kimesimama nje kama pipa refu lisilo na kifuniko. Ndani ya bomba, na chini yake, shimo likachimbwa huku limejazwa uji mzito wa rangi ya kijivu, uliokorogwa kwa maji na unga uliotoka katika magunia. Vijana wa kibarua walidhani unga ule ni saruji ya namna mpya. Hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Ijumaa jioni mtambo uliharibika, na fundi wake akaenda Embu mjini kutafuta kipuri. Jumamosi asubuhi, msimamizi wa kazi, mtu mwangalifu na mwenye bidii, aliamua kutumia nafasi hiyo kusafisha shimo. Aliona haya mkaguzi aje Jumatatu akute shimo limejaa tope. Akawaagiza vijana walete pampu ya petroli, wayavute yale "maji machafu" yote hadi sakafu ya shimo ionekane. Pampu ilinguruma kwa muda usiozidi saa moja. Kisha, kwa maelezo ya waliokuwapo, kulisikika sauti kama ya ng'ombe anayekunywa maji, na ardhi kandokando ya bomba ikazama ghafla. Kijana aliyekuwa ameshika mpira wa pampu aliteremka nayo hadi kiunoni, bomba la chuma likamwegemea, na mguu wake wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Wenzake walimchimbua kwa majembe na mikono. Mtoto mmoja zaidi angaliweza kuzikwa siku hiyo, kwa ajili ya daraja lile lile lililokusudiwa kuwaokoa watoto.

Dada yangu mkubwa hufundisha katika shule hiyo, naye ndiye aliyenipigia simu. "Ndugu yangu," alisema, "wewe ni mtu wa lugha. Njoo utusomee karatasi." Mkutano ulifanyika chini ya mgunga ulio katika kiwanja cha shule. Karatasi iliyotajwa ilikuwa ukurasa mmoja wa maagizo ya kazi, yote kwa Kiingereza, na agizo la nne liliandikwa kwa herufi kubwa ili lisimpite mtu yeyote. Lilisema kwamba ndani ya shimo "kichwa" kidumishwe wakati wote.

Msomaji aliyesoma fizikia anajua maana yake. Waingereza hukiita kimo cha maji, yaani urefu ule wa maji unaosukuma kwa uzito wake, kwa neno lile lile wanalotumia kwa kichwa cha mtu. Agizo lilimaanisha kwamba uji ndani ya bomba usishuke, bali ukae juu ya usawa wa maji ya mto usiku na mchana. Nikamgeukia msimamizi, mzee wa makamo aliyekuwa ameinama akitazama viatu vyake, nikamwuliza kwa upole alilielewaje agizo hilo.

"Daktari," alinijibu, "mimi niliona wameandika habari ya kichwa. Nikasema ni usalama. Nikahakikisha kila kijana amevaa kofia."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila kijana, pamoja na yule aliyevunjika mguu, alikuwa amevaa kofia ngumu ya plastiki. Mzee yule alikuwa ametii agizo la nne kikamilifu kadiri alivyolisoma. Hakuna aliyecheka chini ya mgunga ule.

Sasa na tulitazame shimo lenyewe, kwa maana hapa ndipo somo lilipo. Ukimwuliza mtu yeyote ni shimo lipi la hatari, lililo tupu au lililojaa maji, atakuambia lililojaa, kwa kuwa ndilo linalozamisha watu. Hiyo ni kweli kwa mtu anayeweza kutumbukia. Kwa shimo lenyewe mambo ni kinyume. Mchanga uliolowa maji hauna kitu kinachoushikamanisha. Ukitoboa tundu ndani yake ukaliacha tupu, maji yaliyo ardhini huanza kukimbilia ndani ya tundu, nayo hayaji peke yake. Huja yamebeba mchanga. Kuta hulegea, sakafu hububujika, na kilichokuwa shimo hugeuka kuwa bonde dogo. Lakini ukilijaza tundu hilo hadi kimo chake kipite kimo cha maji ya nje, msukumo hugeuka. Sasa shimo ndilo linalosukuma ukuta, wala si ukuta unaosukuma shimo.

Maji matupu, hata hivyo, hayatoshi, kwani hupenya katikati ya chembe za mchanga yakapotea. Ndiyo sababu ya ule uji. Unga wake huitwa bentonaiti, nao ni udongo wa mfinyanzi uliotokana na majivu ya volkano ya kale. Jina lake lilitolewa mwaka 1898 kutokana na miamba ya Benton huko Wyoming, Marekani. Madini yaliyo wingi ndani yake yana jina jingine, montmorilonaiti, litokalo Montmorillon nchini Ufaransa. Majina yanatoka mbali, lakini jamaa zake wako hapa hapa. Ule udongo mweusi wa Mwea, unaovimba mvua inaponyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono jua linapowaka, umejaa madini ya ukoo huo huo. Kila mwanafunzi aliyewahi kuvua kiatu kilichonata katika barabara za Mwea ameshayashika madini haya kwa mikono yake.

Uji wa bentonaiti ukigusa ukuta wa mchanga, maji yake kidogo huchuja na kupenya, na udongo hubaki nyuma ukifanya utando mwembamba wa milimita chache, mfano wa utando unaotanda juu ya uji wa wimbi uliopoa. Utando huo huziba vinyweleo vya mchanga. Uji uliobaki ndani sasa una kitu cha kuegemea, na uzito wake wote huusukuma ukuta. Fauka ya hayo, uji huu una tabia ya kuganda unapotulia na kulainika unapokorogwa, kwa hiyo vumbi na chembe zilizokatwa na mtambo huelea ndani yake badala ya kurundikana chini upesi. Umbo la duara nalo husaidia, kwani ukuta wa mviringo hujibana wenyewe kwa wenyewe kama watu walioshikana mabega. Hakuna fundi anayechimba kisima cha pembe nne mchangani.

Wasomaji wangu wa Nkubu, Chogoria na Manyatta huenda wanashangaa. Huko kwao watu huchimba choo cha shimo chenye pembe nne, kikashuka futi thelathini au arubaini, bila bomba wala uji, na kuta zikasimama wima kama za nyumba. Ni kweli. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya ni wa kina kirefu, una mfinyanzi mwingi ulioshikamana katika punje imara, na maji yake hupita kwenda chini sana. Lakini mtu aliyejifunza kuchimba huko juu, akateremka Mbeere na ujuzi wake wote, anaweza kuuawa na ujuzi huo. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa huko juu. Maishani mwake mote, shimo safi na tupu lilikuwa ndilo shimo salama.

Hadi hapa nimezungumzia mto mdogo ambao watu wengi hawatauona kamwe. Lakini kanuni iliyovunja mguu wa kijana wa Mbeere ndiyo hiyo hiyo inayotawala ujenzi mkubwa wa baharini na maziwani. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 19, 2025, limesimama juu ya nguzo ambazo misingi yake ilichimbwa chini ya Ziwa Viktoria. Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2022, limepita juu ya maji ya Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita moja. Mahali pa namna hii mhandisi anayechimba msingi hushusha bomba la chuma kutoka juu ya maji, likapenya tope la chini, kisha huchimba ndani yake na kupita mwisho wake, hadi afike penye ardhi ngumu. Sehemu iliyo chini ya bomba haishikwi na chochote ila kile kimiminika kilichomo ndani.

Baharini kuna mashaka mawili ambayo mto wa Mbeere haukuwa nayo. La kwanza ni chumvi. Uji wa bentonaiti ukichanganyika na maji ya bahari, chembe za udongo hushikana vidonge vidonge na kuzama, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Utando hauwi utando tena. Kwa sababu hiyo mafundi hukoroga bentonaiti kwa maji baridi kwanza, wakauacha ulowe na kuvimba kabla ya kuutumia. Au hutumia udongo wa aina nyingine uitwao atapulgaiti ambao hauogopi chumvi. Au huacha udongo kabisa wakatumia viowevu vya polima.

Shaka la pili ni maji kujaa na kupwa. Hebu mwalimu wa hisabati achukue chaki. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji baridi: mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban tani 1.025. Tuseme uji wetu una tani 1.05. Tuchukue nukta iliyo mita 30 chini ya uso wa bahari wakati maji yamekupwa. Msukumo wa nje ni 30 mara 1.025, yaani tani 30.75 kwa kila mita ya mraba. Ndani ya bomba uji umejazwa hadi mita 2 juu ya uso wa bahari, basi msukumo wa ndani ni 32 mara 1.05, yaani tani 33.6. Shimo lina ushindi wa tani 2.85, na ukuta umetulia. Sasa maji yajae kwa mita 3, jambo la kawaida kabisa Mombasa wakati wa bamvua. Nje kumekuwa 33 mara 1.025, yaani tani 33.825. Ndani hakujabadilika. Ushindi umehamia upande wa bahari, hali hakuna mtu aliyegusa pampu. Bahari imefanya yenyewe kazi ambayo vijana wa Mbeere waliifanya kwa petroli.

Kwa hiyo mhandisi wa baharini hapimi kimo cha uji kutoka usawa wa maji ya saa anapofika kazini. Hukipima kutoka maji makuu ya bamvua. Na tazama, msomaji, jinsi lugha ilivyomtangulia. Mvuvi wa Lamu au wa Vanga asiyejua kusoma anatofautisha bamvua na maji mafu, maji kujaa na maji kupwa, na anajua ni siku gani ya mwezi kila kimoja hufika. Nikiandika "kimo cha uji kisipungue mita 2 juu ya maji makuu ya bamvua", nimeandika agizo kamili la kihandisi.

Kazi ya mwisho nayo inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndiyo inayowashangaza wanafunzi zaidi. Shimo likishafika kina chake, kizimba cha nondo hushushwa humo. Kisha zege, ambayo mafundi wetu huiita konkriti, haimwagwi kutoka juu, kwani ingechanganyika na uji ikaharibika. Bomba jembamba hushushwa hadi chini kabisa, na zege hupitia humo ikaanza kujaza shimo kutoka sakafuni. Kwa kuwa zege ni nzito mara mbili na zaidi kuliko uji, huusukuma uji juu, nao hutoka mdomoni mwa shimo ukakusanywa na kusafishwa. Mdomo wa bomba lile sharti uwe umezama ndani ya zege mpya muda wote. Ukichomolewa mapema, tope huingia katikati, na nguzo hubaki na kiuno chembamba ambacho hakuna atakayekiona mpaka daraja lipate uzito. Shimo, basi, huwa halipati kuwa tupu hata dakika moja tangu kuanza kuchimbwa hadi linapogeuka kuwa nguzo.

Nimeyaeleza hayo yote kwa Kiswahili, na sidhani kama mwanafunzi wa kidato cha pili ameachwa njiani. Baadhi ya maneno niliyoyatumia ni ya jikoni: uji, utando, kukoroga. Mengine ni ya pwani. Mengine ni ya mkopo, kama bentonaiti na polima, na hayo hayana aibu, kwani hata Mwingereza ameyaazima kutoka Wyoming na kwa Wayunani. Kamusi nazo zina yao: "kanieneo", mathalan, ni neno lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, kwa maana ya nguvu inayobana kila kipande cha eneo. Kwa mwanaisimu hilo ni neno zuri, kwa sababu linabeba kanuni yake ndani ya umbo lake. Kasoro yake ni moja tu: linaishi kamusini na kwenye karatasi za mtihani, wala halijapata kupanda lori kwenda mahali pa kazi.

Nilimweleza mawazo haya mwenzangu anayefundisha uhandisi. Alinisikiliza, kisha akanipinga, na ni haki msomaji naye amsikie. "Unajidanganya," alisema. "Hata kama karatasi ingaliandikwa kwa Kiswahili sanifu, 'dumisha kimo cha maji', yule mzee bado angaliyavuta maji. Hakukosa neno. Alikosa sababu."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na nakiri kwamba ana hoja. Tafsiri ya neno moja isingalitosha. Mhandisi aliyeandika karatasi ile hakuwa mahali pa kazi, na hakuna aliyeketi na vibarua akawaambia kwamba uji ule wa kijivu ndio ukuta wao. Lakini sababu nayo huelezwa kwa nini, kama si kwa lugha? Agizo linaweza kukaririwa kwa lugha usiyoielewa, mfano wa kasuku. Sababu haikaririki. Sharti ieleweke, na mtu huelewa kwa lugha anayoifikiria.

Tena kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo linaloniuma hadi leo. Mkutano ulipokwisha, bibi mmoja mzee aliyekuwa amekaa kimya muda wote alimwambia dada yangu kwa lugha ya nyumbani kwamba vijana wa siku hizi wamesahau namna ya kuteka maji. Katika mito ya mchanga ya Mbeere na Tharaka, wakati wa kiangazi, akina mama hufukua vishimo mtoni na kuyangojea maji yajikusanye. Huteka kwa kata, pole pole. Anayeteka kwa pupa huona kuta za kishimo zikibomoka na kuyavuruga maji yote. Bibi yule hakuwahi kuingia darasani, lakini alikuwa anaijua kanuni ya agizo la nne tangu utoto wake. Vijana walioshika pampu waliwahi kuiona pia, wakiwa migongoni mwa mama zao. Ujuzi ulikuwapo mahali pale pale, pande zote za shimo. Hapakuwa na mtu wa kusema: hili ni lile.

Wanaisimu hupenda kuonyesha kwamba neno kisima la Kiswahili na neno kithima au githima, kutegemea mteremko uliozaliwa, ni neno moja la kale lililogawanyika. S ya pwani ikajibiwa na th ya mlimani. Mimi mwenyewe hulifundisha hilo kila mwaka. Lakini baada ya mkasa ule nilijiuliza faida ya kumwonyesha mwanafunzi udugu wa maneno hayo ikiwa simwonyeshi udugu wa ujuzi uliomo ndani yake. Mchimba kithima na mchimba msingi wa daraja la baharini wanapambana na adui mmoja.

Sheria haikosekani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake habari, maagizo na mafunzo ya kuwakinga. Karatasi isiyosomeka na anayeishika si habari, wala si agizo, seuze mafunzo. Sisemi wahandisi waache Kiingereza. Hesabu zao zimeandikwa kwa lugha hiyo, na vitabu vyao pia. Nasema tu kwamba kila agizo ambalo kulivunja kwake kunaweza kuua lishuke hatua moja zaidi, hadi kwenye lugha ya yule anayeshika pampu, na liandamane na sababu yake.

Kazi ya kulishusha haitafanywa na wahandisi peke yao. Hapo ndipo ninapowageukia walimu. Mwalimu wa Kiswahili akutane na mwalimu wa fizikia katika chumba cha walimu, waandae somo moja la pamoja kwa muhula. Wawape wanafunzi agizo moja la kazi, la mtambo, la dawa ya kunyunyizia kahawa na majani chai, au la mtungi wa gesi, na kuwataka waliandike upya ili nyanya aliye nyumbani alielewe, pamoja na sababu. Kisha mwanafunzi alipeleke nyumbani, alisome, na kuleta ripoti ya maneno yaliyokwama. Insha ya namna hiyo ni ngumu kuliko insha ya "Siku sitakayoisahau", na faida yake ni kubwa zaidi. Nanyi wanafunzi mnaopenda kusema kwamba Kiswahili ni rahisi, jaribuni kueleza kwa sentensi tatu kwa nini shimo lililojaa haliporomoki.

Daraja lile lilikamilika mwaka 2019, na watoto huvuka hata mto unapofurika. Kijana aliyevunjika mguu huchechemea kidogo anapopanda kilima. Dada yangu aliinakili ile karatasi ya maagizo kwa Kiswahili, akaibandika ukutani katika darasa la nane la wakati huo. Agizo la nne linasomeka hivi: "Uji ulio ndani ya shimo ndio unaoushikilia ukuta. Usiutoe. Ukishuka chini ya usawa wa maji ya mto, ondokeni wote, mwiteni fundi."

Hilo ndilo jibu langu kwa yule mwalimu wa nyuma ya ukumbi.